Kipimo cha Mtoto: Watoto Wetu wa Kike na Skuli, Tangu Zama za Salme Hadi Leo



Kila mwezi wa Disemba ukikaribia kwisha, meza yetu ya kukatia hubadilika rangi. Satini na lesi za maharusi husogezwa pembeni, inatawala tetroni ya buluu na pamba nyeupe. Ndiyo msimu wa sare. Kina mama wanaingia na watoto wao, jua limewachosha wote. Tunapima bega, kifua, kiuno na urefu, tunaandika kwenye daftari, tunaita mwengine.

Msimu uliopita aliingia mama mmoja na bintiye wa darasa la sita. Tulipomuuliza tushone mitandio mingapi, akajibu, "Mmoja tu, fundi. Sijui hata kama atamaliza huu muhula." Mtoto alikuwa amesimama karibu na mlango, anaitazama cherehani. Tulimwita, hakuitika. Tukamgusa bega, akageuka, akatuamkia kwa adabu. "Shikamoo, mama fundi." Hapo ndipo tulipoona kwamba nyuma ya sikio lake la kushoto, chini ya mtandio, amevaa mashine ya kusikilizia.

Mama akatueleza. Skulini mtandio unatakiwa ubane, ufungwe pini chini ya kidevu, watoto wote sawa. Kitambaa kikibana ile mashine, inapiga mluzi. Mluzi ukisikika, darasa zima linacheka. Basi mtoto akajitafutia dawa yake: akifika skulini anaivua, anaitia mkobani. Mluzi ukaisha, na masomo nayo yakaisha, kwa sababu bila mashine hasikii. Akasogezwa nyuma kwa kuwa "hashughuliki". Mwisho akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi.

Hatukujua tumkasirikie nani. Mwalimu alitaka sare iwe sare. Watoto walicheka kitoto. Mama alitaka mwanawe ajisitiri. Hapana aliyekusudia ubaya, na huku mtoto anatoka skuli taratibu kwa sababu ya nusu yadi ya kitambaa.

Siku ile baada ya Isha tulibaki dukani tukizungumza. Sisi wenyewe tuliishia kidato cha nne, kisha tukaingia mafunzo ya ushoni. Tunajua mtoto anavyojisikia akiwa ndani ya darasa lakini si wa darasa lile. Tukaanza kuulizana: hawa bibi zetu waliingiaje skuli? Nani aliwafungulia mlango, na waliotangulia waliacha nini mlangoni ili wapite? Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma na kuwauliza wakubwa zetu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Msichana na mfupa wa ngamia

Kabla ya skuli kulikuwa na chuo. Mtoto wa kisiwa hiki, wa kike kwa wa kiume, alikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, akaanza na herufi, akaendelea na juzuu, mpaka akahitimu. Hilo ni jambo la kujivunia. Bibi zetu wengi ambao hawakupata kuona ubao wa skuli walikuwa wakisoma Msahafu vizuri kabisa.

Lakini kulikuwa na mpaka. Msichana alifundishwa kusoma, hakufundishwa kuandika. Kuandika kulihesabiwa kuwa ni hatari kwake.

Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844, naye ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi alivyouvuka mpaka huo. Alichukua Msahafu, akawa anaziiga herufi zake, moja baada ya moja, juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mifupa hiyo ndiyo iliyotumika kama vibao vya kuandikia siku zile. Alifanya hivyo kwa siri. Alipotaka mkono wake uwe mzuri zaidi, aliyemsaidia alikuwa mmoja wa watumwa wa nyumbani aliyekuwa na elimu. Watu walipojua walimsema sana, naye hakujali.

Mwaka 1859, nduguye Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, msichana huyu wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua zao, kwa kuwa alijua kuandika. Yaliyomfika baadaye, kuondoka kwake Unguja mwaka 1866 na maisha yake ya Ujerumani, ni hadithi nyengine.

Tuliposoma habari hii mara ya kwanza tulifurahi, tukaona ni hadithi ya ujasiri. Tuliporudi kuisoma tukaona na upweke wake. Msichana anajitambua, anakijua kipaji chake, lakini pembeni yake hapana mwenziwe, hapana mwalimu wa wazi, hapana wa kumwambia "herufi hii umeipinda vizuri". Binti wa sultani alijificha ili ajifunze. Sasa fikirini binti wa mtu wa kawaida.

Mbweni: kupokewa kwa sharti

Wakati huo huo kulikuwa na wasichana wengine hapa kisiwani ambao hata chuo hawakukiona. Ni wale walioletwa na majahazi kutoka bara kuuzwa. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya kificho iliendelea, na manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi na kuwatoa watu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa kike ambao hawakumjua tena mama wala kijiji.

Wamishonari wa Kianglikana walinunua ardhi Mbweni, kusini ya mji, mwaka 1871, wakawaweka huko watu waliokombolewa, na wakafungua skuli ya wasichana. Kuanzia mwaka 1877 skuli hiyo iliongozwa na Bi Caroline Thackeray, Mwingereza aliyekaa hapa mpaka kufa kwake mwaka 1926. Magofu ya skuli yapo hadi leo, na maharusi wetu wengine wamekwenda kupiga picha huko bila ya kujua walichokanyaga.

Tuseme haki. Mtoto aliyetolewa ndani ya tumbo la jahazi akapewa kitanda, chakula, wenziwe na mwalimu, huyo amefanyiwa wema mkubwa. Wasichana wa Mbweni walijifunza kusoma na kuandika wazi wazi, bila ya kujificha na mfupa wa ngamia. Baadhi yao wakawa walimu.

Lakini mapokezi yale yalikuwa na sharti. Mtoto aliingia katika dini ya waliomkomboa, na aliyekuwa na chake cha zamani alikiacha nyuma. Huko nako kuliwekwa upande wa kazi za mikono: wasichana walioonekana hawana kichwa cha vitabu walipelekwa kushona, kupika na kufua.

Hapo palitugusa sisi mafundi. Kumbe tangu karne ile cherehani na sindano vilikuwa ni mahali pa kuwapeleka walioshindwa! Tunayakumbuka maneno tuliyoambiwa baada ya matokeo ya kidato cha nne: "Basi kajifunze hata ushoni." Hilo neno "hata" lilituuma miaka mingi. Leo tunalisha nyumba zetu kwa ushoni, tunaajiri, tunapima maharusi kwa hesabu ambazo ukizikosea nchi moja unaharibu satini ya thamani. Kipaji cha mkono ni kipaji. Ubaya uko katika kumsukumia mtoto huko kwa kuwa umechoka kumtafutia njia ya kumfundisha.

Gari lenye mapazia

Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927, karibu miaka 20 baada ya zile za wavulana. Wakati huo kisiwa kilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na sultani alikuwa Sayyid Khalifa bin Harub.

Wazazi walikuwa na hofu, na hofu zao tunazijua kwa kuwa zimepokewa hadi kwetu. Msichana akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Akitoka nyumbani kila siku ataonekana njiani. Akisoma kwa Wazungu atasahau dini yake. Akikaa skuli sana atakosa mchumba. Msicheke, dada zetu. Badilisheni "barua" muweke "simu", mtaona hofu hizo bado zinaishi nyumbani kwetu.

Skuli ingeweza kuwaambia wazazi, "Hizi ndizo sheria zetu, asiyetaka abaki nyumbani." Lau ingelisema hivyo, madarasa yangebaki matupu. Iliyafanya haya badala yake: walimu wakawa wanawake, na wanaume hawakuruhusiwa kuingia ovyo. Qur-ani na dini vikatiwa katika masomo. Kushona na kupika vikawekwa pamoja na hesabu na kusoma, ili mama asione mwanawe anaondolewa katika mambo ya nyumba. Na kwa wale ambao nyumbani kwao binti mkubwa haonekani njiani, kukawa na gari lililofungwa mapazia la kuwachukua na kuwarejesha.

Siku hizi wako wanaolidharau lile gari. Wanasema bibi zetu walifungiwa kama mizigo. Sisi tunaliona kwa jicho jengine. Lile pazia ndilo lililowawezesha kutoka. Nyuma yake walikaa wasichana waliokwenda kujifunza kuandika majina yao, na baadhi yao wakarudi katika madarasa yale yale wakiwa walimu. Waliyaondoa mapazia wenyewe, kidogo kidogo, walipoona hawayahitaji tena. Skuli iliinama ili msichana aingie, na msichana alipokwisha kuingia akasimama mwenyewe.

Aliyebaki nje, na nguo aliyoivaa

Lakini nani aliyepanda gari lile? Skuli ile mwanzo ilibeba jina la Waarabu. Ilikuwa ya mjini, na ilijazwa zaidi na mabinti wa nyumba zenye uwezo na jina. Msichana wa shamba alisubiri miaka mingi, kwa kuwa hata alipopatikana mwalimu mwanamke, haikuwa rahisi kuruhusiwa kwenda kuishi shamba peke yake. Na mjukuu wa mtumwa wa Ng'ambo, nani angemwita?

Mwaka mmoja tu baada ya skuli hiyo kufunguliwa, mwaka 1928, Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurikodi nyimbo katika santuri. Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Alikuwa akifinyanga vyungu na kuvitembeza, kisha akahamia mjini mwaka 1911. Skuli hakuiona. Nyimbo zake alizihifadhi moyoni, akajifunza kwa kusikiliza na kwa wenzake wa kundi lake. Alipofariki mwaka 1950 alikuwa anajulikana pwani yote, na Shaaban Robert ameandika wasifu wake. Basi binti wa Fumba alijipata. Alijipata bila ya skuli, kama Salme alivyojipata kwa mfupa. Wangapi wengine walikuwa na sauti kama ile, wakafa nayo?

Na hapa tuseme jambo la nguo, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Zama za utumwa nguo ilikuwa hukumu. Mwanamke mtumwa alivaa merikani au kaniki, na kujifunika kichwa mbele ya mabwana hakukuwa haki yake. Stara ilikuwa mali ya waungwana. Amri ya kuondoa utumwa ilipotolewa mwaka 1897, na miaka iliyofuata, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, wakajinunulia kanga za rangi, wakajitanda. Baadaye wakavaa mabuibui kama wengine. Kwao kujifunika lilikuwa tamko: na mimi ni mtu, na mimi nina heshima yangu, na mimi ni wa hapa.

Kwa hiyo ule mtandio mweupe anaouvaa mtoto wako skulini umebeba mengi. Ndani yake imo imani, na imo pia safari ya wanawake walioambiwa hawastahiki kujitanda. Ni kitambaa cha kupokewa. Ndiyo maana tuliumia tulipoona kitambaa hicho hicho kinamtoa mtoto darasani.

Mlango wazi, na kiti je?

Mwaka 1964 yakatokea Mapinduzi, tarehe 12 Januari. Ilipofika tarehe 23 Septemba mwaka huo, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa kila mtoto, bila ya ubaguzi. Skuli zilizokuwa za kabila hili na jamii ile zikawa za wote. Skuli ya sekondari ya wasichana ya serikali ikapewa jina la Ben Bella, kiongozi wa Algeria, na bado wasichana wanasoma hapo.

Mapinduzi yaliacha majeraha katika nyumba nyingi, na kila familia hapa ina yake ya kusimulia. Lakini ukimuuliza bibi wa shamba, aliyekuwa msichana mdogo mwaka ule, atakwambia kwamba ndiyo mara ya kwanza alipokaa dawati moja na binti wa mwenye nyumba ya ghorofa. Hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo mlango wazi na kiti ni vitu viwili. Baada ya 1964 mtoto hakuulizwa tena kabila. Lakini asiyesikia, asiyeona, anayechelewa kuelewa, anayetembea kwa shida, huyu bado alibaki nyumbani. Mara nyengine alifichwa chumba cha nyuma wageni wakija, kwa aibu, kana kwamba Allah amekosea kumuumba. Tusijidanganye, hii haikuwa dhambi ya serikali peke yake. Ilikuwa ya kwetu majumbani.

Mwaka 1994 nchi nyingi zilikutana Salamanca, Uhispania, zikatoa tamko kwamba skuli za kawaida zinapaswa kuwapokea watoto wote, na skuli ndiyo ijirekebishe imfae mtoto. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka huo huo Zanzibar ikatunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu. Hapa kwetu jambo hili likapata jina zuri la Kiswahili: elimu mjumuisho. Tangu miaka ya 2000 skuli za Unguja na Pemba zimekuwa zikiijaribu, mwalimu kwa mwalimu, darasa kwa darasa. Kuna walimu waliojifunza lugha ya alama. Kuna waliojua kwamba mtoto asiyeona vizuri awekwe mbele. Na kuna madarasa yenye watoto wengi mpaka mwalimu mwema anashindwa kumwona kila mmoja.

Tuliyojifunza mezani petu

Tukizipanga hadithi hizi kama vipande vya nguo, tunaona makosa mawili.

La kwanza ni la Mbweni na la kila skuli inayosema "ukitaka kuwa wetu, jifute". Mtoto anapata jamaa, anajikosa mwenyewe. La pili ni la mfupa wa ngamia, la kumwacha mtoto ajitafute peke yake gizani. Anajipata, lakini anakosa watu. Mtoto anahitaji yote mawili kwa pamoja: awe yeye, na awe wa pale.

Fundi yeyote anajua siri ya sare. Sare zote zinafanana zikiwa kwenye kamba. Lakini ukizishona zote kwa kipimo kimoja, huyu itambana, yule itamvuka. Ili watoto 40 waonekane sawa, unapima watoto 40. Kitambaa kinakatwa kumfuata mtoto, mtoto hakatwi kufuata kitambaa.

Na dini yetu ilitutangulia katika hili. Wanawake wa Madina walipoona wanaume wamewazidi katika darasa za Mtume, sala na salamu zimshukie, walimwomba awatengee siku yao, naye akawatengea. Na tunapoisoma Suratu 'Abasa tunakumbuka kisa cha Abdullahi ibn Ummi Maktum, radhi za Allah zimfikie, kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Aya zikashuka kwa ajili yake. Allah hakuacha lipite hivi hivi jambo la mtu mmoja asiyeona, aliyekuja na hamu ya kujifunza. Na Ibn Ummi Maktum huyo huyo akaja kuwa mwadhini, na Mtume akamwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja alipokuwa safarini. Aliyeonekana anakatiza mazungumzo ndiye aliyekuja kuwaita watu kwenye sala.

Sasa tuwageukie maharusi wetu, mnaokuja kupimwa huku mkijiuliza mambo ya ukumbi na rangi ya maua. Mnapozungumza na wachumba wenu kabla ya nikaha, zungumzeni na hili: kama bado unasoma, utaendeleaje? Mkijaaliwa watoto, na mmoja akaja tofauti na mlivyotarajia, mtasimama naye vipi? Somo wako atakufundisha mengi ya nyumba, lakini hili lizungumzeni wenyewe wawili.

Na kina mama, tunawaomba matatu. Nendeni skuli hata kama hamjaitwa, mkamwambie mwalimu kile mtoto anachohitaji, kwa upole na kwa uwazi. Mwalimu hawezi kupima asichokiona. Pili, mfundisheni mtoto asiye na tatizo awe rafiki wa mwenye nalo, kwani kicheko cha darasa huzimwa na mtoto mmoja tu anayekataa kucheka. Tatu, msiseme "hata". Kama mwanao anapenda sindano, sema anapenda sindano. Kama anapenda hesabu, sema hivyo hivyo.

Mtandio wenye vikunjo

Tumrejee binti yetu. Tulikaa naye, tukamwomba avae mashine, tukawa tunajaribu kitambaa kimoja baada ya kimoja huku anatuambia kipi kinapiga mluzi. Ilituchukua mchana mzima. Mwisho tukamshonea kofia ya ndani ya pamba nyepesi, yenye nafasi upande wa sikio. Mtandio wa juu tukaukata urefu ule ule, weupe ule ule, lakini tukauwekea vikunjo viwili karibu na masikio ili usibane. Ukimtazama kutoka uwani humtofautishi na wenziwe. Stara ipo, sare ipo, na mashine imenyamaza.

Tulifuatana na mama yake hadi skulini. Tulikwenda na maneno mengi tuliyoyapanga, kwa sababu tulikuwa na hasira bado. Mwalimu akautazama mtandio, akamtazama mtoto, akasema, "Mbona hii ni sare tu? Kwa nini hamkuniambia mapema?" Maneno yetu yote yakaishia hapo. Akamhamishia dawati la mbele, upande wa kulia, ili sikio lenye mashine limwelekee yeye.

Hatutasema kwamba kila kitu kimekuwa sukari. Mashine bado hulia siku nyengine, na wako wanaocheka. Lakini yuko na rafiki anayemkaririia lililompita. Muhula wa pili mama alirudi, akaagiza mitandio mitatu. Hatukumuuliza kitu, tulifungua daftari tukaandika.

Siku za Jumamosi binti huja dukani kututazama tukikata. Mama yake alituambia, "Labda ushoni ndio utakaomfaa huyu, kwa hali yake." Tulimjibu kwamba akipenda tutamfundisha, na mlango uko wazi, lakini aje kwa kuwa anapenda, asije kwa kuwa amekataliwa kwengine. Kwanza amalize skuli. Mtoto alikuwa anatusoma midomo. Akatabasamu, akachukua futi, akaanza kumpima mama yake bega.

Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi macho ya kuwaona kama walivyo. Wabillahi tawfiq.